Pikipiki nyepesi ya lami na porini kwa mazingira ya Dodoma: ipi, na niiandaeje?

Mbigili_wa_Bahi

Wakuu, habari za kazi. Natafuta pikipiki nyepesi inayomudu lami na njia za porini, na pia nataka kujua iandaliwe vipi kabla ya kuanza kazi.

Matumizi ni haya. Kutoka Dodoma mjini ni lami kilomita 30 hadi 60 kutegemea siku, mara barabara ya Iringa, mara ya Singida, na safari chache ni ndefu zaidi, hadi Kintinku na kupandisha Manyoni. Baada ya hapo ni kuingia vijijini kilomita 20 hadi 40: njia za ng'ombe, makorongo ya mchanga, na wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga. Mzigo ni kilo 20 kwenye keria, abiria mara chache sana.

Iliyopo sasa ni pikipiki ya kawaida ya bodaboda, cc 150, rimu 17 mbele na nyuma. Kero ni tatu: mbele inazama kwenye mchanga, pancha za mbigili haziishi, na mvua ikinyesha madigadi ya mbele inajaa tope hadi tairi linagoma kuzunguka.

Zilizopo sokoni za mkono wa pili ni Yamaha DT125, Yamaha XTZ125 na Honda XR150L. Urefu wangu ni sentimita 168. Naomba wanaozijua waniambie, na wasinifiche ubaya wake.

Rimu21

Mkuu, anza na rimu, cc zifuate baadaye. Watu wengi wanahesabu cc halafu wanashangaa 150 yao inashindwa mahali 125 inapita inapiga mluzi.

Tairi la mbele likiwa na kipenyo kikubwa linapanda ukingo wa shimo taratibu, halijibamizi. Rimu ya inchi 17 ikiingia kwenye shimo la kwato za ng'ombe lililokauka, usukani unapigwa pembeni. Ya 21 inapita juu. Kwenye mchanga ni vilevile: tairi refu na jembamba linapasua mchanga na kushika uelekeo, fupi linausukuma mchanga mbele yake hadi linakwama. Hilo ndilo linakusumbua sasa, wala si ukosefu wa nguvu.

XTZ125 na DT125 zote mbele ni 21, nyuma 18. XR150L mbele ni 19 (90/90-19) na nyuma 17 (110/90-17). Hiyo 19 ni ya kati kwa kati: kwenye lami inatulia zaidi na breki inashika vizuri kwa sababu tairi ni pana kidogo, ila kwenye korongo la mchanga mzito utaitafuta 21.

Shokapu za mbele za XTZ na XR zinacheza takriban sentimita 18. Za bodaboda ni fupi zaidi, ndiyo maana zinagonga mwisho kila shimo na sili za mafuta zinakufa mapema.

Kuhusu nguvu, kumbuka Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Injini yenye kabureta inapoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo moja ya kumi imeshaondoka kabla hujatia gia. Injini ya 125 ya mipigo minne iliyobeba mtu na kilo 20, ikikutana na upepo wa Agosti kwenye mpando wa Kintinku kwenda Manyoni, itakaa gia ya tatu au ya nne huku malori yakikupumulia mgongoni. Kama njia hiyo ni ya kila wiki, 150 ina hoja. Kama ni mara moja kwa mwezi, chukua XTZ uvumilie mpando.

Urefu usikutishe. Kiti cha XTZ kiko sentimita 84 hivi, cha XR kinakaribia 83. Ukikaa shokapu zinashuka. Kwa 168 utagusa kwa nusu ya wayo, na unaposimama ni mguu mmoja chini, kama wanavyofanya wote.

Spana_12

Naongezea upande wa mkono wa pili, maana hapo ndipo watu wanalia. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa eksozi kwanza: ikiwa ya moto ujue amekuficha ugumu wa kuwaka.

Toa filta ya hewa, pitisha kidole ndani ya mpira unaoingia kwenye kabureta. Kidole kikitoka na vumbi lililochanganyika na mafuta, ondoka. Vumbi la kiangazi cha hapa limeshaingia kwenye silinda, ringi na bore vimesagika, na hakuna maelezo ya muuzaji yatakayozirudisha.

Nyanyua mbele tairi lielee, zungusha usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukisikia unanasa katikati, kama unaingia kwenye kishimo, beringi za usukani zimekwisha. Shika ncha za shokapu chini uvute mbele na nyuma: mchezo wowote ni beringi hizohizo. Nyuma, shika tairi uvute pembeni. Likicheza, angalia kama ni beringi za habu au bushi za mkono unaobeba tairi. Bushi ni bei ndogo, lakini wengi hawazipaki grisi hata siku moja, na bolti yake inashika kutu hadi inatolewa kwa nyundo.

Gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inatoa sauti ya bubu. Mbili tatu si tatizo. Zikilegea sita upande mmoja, rimu imepigwa.

Washa. Moshi wa bluu kwenye injini ya mipigo minne ni oili inayoungua: ukitoka unapoachia na kuvuta mafuta ghafla, mara nyingi ni sili za valvu, ukitoka muda wote unapovuta, ni ringi. Weka mita kwenye betri, injini ikikimbia wastani isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Mwisho linganisha namba ya fremu na kadi, herufi kwa herufi, na chunguza kama sehemu yenye namba imepigwa msasa.

DT125 ni hadithi tofauti. Injini yake ni ya mipigo miwili, yaani inachoma oili pamoja na petroli, nyepesi na kali, na fundi yeyote mtu mzima anaijua. Ila ina tangi dogo la oili na pampu inayojichanganyia yenyewe. Nyingi zilizobaki mitaani pampu imezibwa na mwenyewe anachanganya oili kwenye petroli. Muulize, kisha hakikisha kwa macho. Ukidhani pampu inafanya kazi kumbe imezibwa, utajaza petroli tupu na pistoni itanata kabla hujafika Mpunguzi. Ikiwa imezibwa, mchanganyiko wa 1 kwa 30 ni mililita 33 za oili ya 2T (ya mipigo miwili) kwa kila lita, na unachanganya kwenye kidumu kwanza, siyo kumimina juu kwa juu kwenye tangi. Kwa safari za lami kilomita 60 na mzigo, mimi nisingeichukua leo. Inakunywa, na ukishuka mteremko mrefu umeachia mafuta, oili nayo inapungua kwenye silinda.

Mbigili_wa_Bahi

Nashukuru sana wakuu. DT naiweka pembeni. Kuna mtu kanitajia AG100 pia, naona ni kama trekta. Na hili la pancha je? Kwa wiki ni mbili hadi tatu, na siyo misumari, ni mbigili na miiba ya migunga.

Rimu21

AG100 ni ya shamba kwelikweli. Cheni imefunikwa yote ndani ya boksi, ina keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili. Kwa vumbi letu cheni ile inadumu kupita kiasi. Lakini ni cc 97 za mipigo miwili, kwenye lami utakuwa mbuzi njiani. Kwa mtu anayeishi hukohuko kijijini, nzuri. Kwako wewe hapana.

Solusheni_na_Kiraka

Pancha niachieni mimi.

Tofautisha adui wawili. Mbigili ni mfupi, unaingia kwenye uso wa tairi na kuvunjikia ndani. Tairi likiwa na meno marefu, mbigili mwingi unaishia kwenye mpira wa jino haufiki kwenye tyubu. Likiisha, kila mbigili ni pancha. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mbigili ni kutolitumia tairi hadi kipara: meno ya katikati nyuma yakibaki milimita 4, badilisha hata kama kwa lami bado lina maisha. Mwiba wa mgunga ni mrefu na unachoma ubavuni, na ubavu hauna jino. Huo unaukwepa kwa macho tu, hasa pale wafugaji wanapofungia maboma kwa matawi.

Aina ya tairi: usinunue la meno makubwa ya kushindania. Kwenye lami ya moto meno yanachongoka haraka, na breki ya dharura inateleza. Tafuta lenye meno ya wastani yaliyokaribiana katikati na kuachana pembeni. Hilo linakufaa kwa nusu lami nusu vumbi.

Tyubu: nunua nzito, zile nene. Ikija kwa bei moja na ya bodaboda ujue si nene, ipime kwa vidole.

Upepo. Kwenye lami na mzigo wako, mbele 22 PSI (kipimo cha upepo kwenye geji), nyuma 25 hadi 28. Ukiingia mchanga mzito shusha mbele hadi 16, nyuma 18. Usishuke chini ya 14 bila kibano cha kushikilia tairi kwenye rimu, maana tairi litazunguka kidogo juu ya rimu kila unapovuta, litabeba tyubu, na mdomo wa valvu utachanika shinani. Pancha ya shina la valvu haizibiki. Kwa sababu hiyohiyo, ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu. Iache juu karibu na kifuniko. Siku ukiona valvu imelala upande, toa upepo wote na urudishe tairi mahali pake kabla halijakata. Ukirudi lami, jaza tena. Kukimbia 80 kwa 16 PSI kunachemsha tyubu na viraka vinabanduka.

Kuziba porini, kwa mpangilio: toa tairi la pikipiki, ondoa kiini cha valvu upepo wote utoke, kanyaga ukingo wa tairi pande zote uachane na rimu. Anza kubandua karibu na valvu, huku upande wa pili ukiusukuma ukingo uingie kwenye bonde la katikati ya rimu. Hapo ndipo watu wanakosea. Wanatumia nguvu za ng'ombe kumbe ukingo wa pili umekaa juu. Liva mbili fupi zinatosha, shika kidogokidogo, sentimita tano kwa tano. Usichomeke liva ndani sana, utaing'ata tyubu na utakuwa umejiongezea kazi.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba. Vidole vinapita juu ya ncha iliyovunjika na huihisi, halafu kilomita mbili mbele pancha ileile inarudi na lawama anapewa fundi. Kwangua tyubu eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano hadi ikiguswa kwa nyuma ya kidole isinate, ndipo ubandike na kugandamiza kuanzia katikati. Watu wanabandika solusheni ikiwa mbichi. Kwenye joto la hapa hicho kiraka hakifiki jioni.

Beba tyubu moja ya akiba, ya mbele (21). Ikibidi inakunjwa kidogo na kuingia nyuma kwenye 18 ikufikishe mjini polepole. Ya nyuma haiingii mbele.

Jua_la_Saa_Saba

Mbona hujataja dawa ya maji ya kuziba pancha? Mililita 250 hadi 350 kila tairi, mbigili unachomoka tundu linajifunga. Bodaboda wengi ndiyo wanachotumia.

Solusheni_na_Kiraka

Sijaitaja kwa makusudi, ila una haki. Kwa mbigili mtupu inafanya kazi vizuri. Kwa mwiba wa mgunga uliochana ubavu haifui dafu, na siku hiyo utakuta tyubu yote ina utelezi ndani na nje, kiraka hakishiki mpaka uioshe kwa maji na sabuni, maji ambayo porini Septemba huna. Kwa hiyo ukiitia, usitegemee viraka tena, tegemea tyubu ya akiba. Na ukiona mbigili umechoma tairi lenye dawa, uchomoe palepale kisha tembea mita mia kadhaa dawa izunguke. Ukiuacha unaendelea kuchokonoa tundu linakuwa mdomo.

VumbiJekundu

Tumezungumza magurudumu, sasa injini. Hapa kwetu injini haifi kwa kuchoka, inakufa kwa kula vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua zianze, kitabu cha pikipiki kikisema safisha filta kila kilomita 4,000, wewe fanya kila 500 za vijijini. Siku ulizofuatana na lori kwenye kifusi, isafishe siku hiyohiyo.

Kwanza jua filta yako ni ya aina gani. Za sponji zinaoshwa. Za karatasi zilizolowekwa mafuta kiwandani haziogeshwi wala hazipulizwi kwa kompresa, zikijaa unabadilisha. Ukiipuliza unaondoa mafuta yanayonasa vumbi na kutoboa karatasi matundu usiyoyaona.

Sponji: ioshe kwa mafuta ya taa. Usitumie petroli, inakula gundi ya maungio. Kamua kwa kuibana katikati ya viganja, usiisokote kama nguo. Kisha sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, suuza, anika kivulini hadi ikauke kabisa. Sponji ikibaki na maji, oili haiingii kwenye vitundu. Weka oili ya filta, au ukikosa, oili ya gia nzito, kama vijiko vitatu vinne vya mezani. Bana na kuachia hadi rangi iwe moja kote, kamua inayozidi. Pakaa grisi nyembamba kwenye ukingo unaogusana na boksi. Huo ukingo ndio mlango wa wizi: filta inaweza kuwa safi na vumbi likapita pembeni.

Chini ya boksi la filta kuna kimrija kilichozibwa kwa kifuniko. Kibonyeze kila wiki. Kikitoa mchanga, kuna ufa mahali au kifuniko cha boksi hakikukazwa.

Oili ya injini: XTZ na XR zote zinachukua lita moja hivi unapobadilisha. Tumia oili ya pikipiki ya mipigo minne yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano itafanya klachi iteleze, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Kilomita 2,000 badilisha, kiangazi cha vumbi 1,500. Injini hizi zinapozwa kwa hewa tu, na ndani ya korongo la mchanga unavuta gia ya kwanza kwa robo saa bila upepo wa kuipoza. Tope lililokauka kwenye mapezi ya silinda libandue, ni kama umeivalisha sweta.

Spana_12

Gia na cheni, kwa ufupi. Ukitaka nguvu ya mchanga na mpando bila kubadilisha injini, punguza jino moja kwenye sproketi ndogo ya mbele. Kwa mfano, kutoka meno 15 hadi 14 ni upungufu wa asilimia 7 hivi: pale ulipokuwa unakwenda 80, kwa mzunguko uleule wa injini utakwenda 75. Jino moja la mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, na bei yake ni ndogo. Usishuke zaidi ya jino moja. Cheni inajikunja sana kwenye sproketi ndogo na kuanza kusaga plastiki ya kuilinda kwenye mkono wa nyuma.

Cheni usiikaze kama ya bodaboda. Pikipiki hizi shokapu zina mchezo mrefu, na cheni inakuwa ngumu kuliko wakati wowote pale ekseli ya nyuma, bolti ya mkono wa nyuma na sproketi ndogo vinapokaa mstari mmoja. Mkalishe mtu mzito kiti cha nyuma hadi vikae mstari, hapo cheni ibaki na mchezo wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Ikiwa imekaza kabisa katika hali hiyo, kila shimo linavuta beringi ya gia boksi na kung'oa sili yake. Utaona oili inavuja nyuma ya sproketi ndogo.

Oili chafu kwenye cheni kiangazi ni msasa. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, pakaa oili ya gia upande wa ndani, subiri, kisha futa ibaki kama imekaushwa. Ukifunga loki ya cheni, upande uliozibwa uangalie mbele, kule cheni inakoelekea ikiwa juu. Ikigeuzwa, kijiti kinaing'oa.

Rimu21

Korongo na mbuga, kwa kuwa aliuliza tope.

Mchanga wa korongo: shuka ukiwa tayari gia ya pili, simama kwenye vikanyagio, kaza magoti kwenye tangi, kiuno nyuma kidogo, mafuta yasikatike hadi ng'ambo. Usukani utacheza, uache ucheze. Anayeung'ang'ania ndiye anayeanguka. Ukifunga mafuta katikati, mbele inazama na safari imeishia hapo. Hizo kilo 20 ziko juu ya keria nyuma ya ekseli? Basi ndizo zinazokuinulia mbele isishike uelekeo. Zigawe kwenye mifuko miwili ya pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, kisha ongeza ugumu wa springi ya shokapu ya nyuma hatua moja au mbili.

Masika, korongo kavu linaweza kujaa hata kama hapo ulipo hakujanyesha. Mvua imenyesha vilimani, maji yanakuja kahawia yakiwa na magogo. Likitiririka, shuka utembee kwa miguu kwanza. Maji yakipita magoti, subiri, mengi yanapungua kwa saa chache. Injini ikimeza maji usipige kiki. Toa plagi, ondoa na kumwaga maji ya boksi la filta, ndipo upige kiki plagi ikiwa nje hadi maji yaishe kuruka. Angalia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mwaga, weka mpya, endesha kilomita chache umwage tena.

Udongo mweusi wa Bahi hauna mbinu. Ukilowa unashika kama ugali uliopoa. Madigadi ya juu ya XTZ au XR itakusaidia kwa sababu kuna nafasi ya kiganja kati yake na tairi, lakini mita mia tano mbele tairi la nyuma nalo litajaa hadi kwenye cheni. Beba kijiti kigumu cha kukwangulia. Kupunguza upepo hapa hakusaidii kitu. Jua likiwaka kwa muda wa saa tatu au nne, juu panakauka na unapita kwenye majani pembeni ya njia.

Mbigili_wa_Bahi

Nimeelewa. Naelekea kwenye XTZ125, sproketi jino moja chini, mifuko ya pembeni. Swali la mwisho: mafuta. Vijijini ni ya kwenye chupa tu.

VumbiJekundu

Panga kwa kilomita 30 kwa lita ukiwa vijijini, ingawa kwenye lami itakupa zaidi. Tangi la lita 10 ni kilomita 300 kwa hesabu ya tahadhari, kwa njia zako za kawaida ukijaza mjini huhitaji chupa kabisa.

Ukilazimika, iache chupa itulie dakika tano kwenye mwanga. Maji yanakaa chini na mstari unaonekana. Mimina kupitia kitambaa laini, acha mafuta ya chini, kimo cha kidole kimoja, yasimiminike. Weka filta ndogo ya mrija kati ya tangi na kabureta, ile ya kupitisha kwa uzito wa mafuta yenyewe, siyo ya gari inayotaka pampu. Pikipiki ikianza kukohoa kama inaishiwa na tangi limejaa, funga bomba, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye kifuniko cha chupa. Tone likikaa kama shanga chini ya petroli, hayo ni maji. Fungua bomba kidogo yatoke yote, kaza skrubu kwa vidole viwili tu. Uzi wake ni wa alumini, ukiutia nguvu unachanika.

Spana_12

Na ukishainunua, kilomita 500 za kwanza kaza spoku zote upya, robo mzunguko kwa zilizolegea tu, ukianzia kwenye valvu ili ujue ulipoanzia. Kisha uje na spana za saizi zake nyumbani uone kama ekseli ya nyuma inafunguka kwa spana utakayobeba njiani. Spana ya plagi ya bodaboda haiingii kila mahali.

Mbigili_wa_Bahi

Hiyo ya ekseli sikuifikiria. Jumamosi naenda kuiona moja, asubuhi, na kitambaa cheupe cha kupitisha kwenye mpira wa kabureta.

Spana_12

Na mita ya volti. Usiisahau.